Ukishapata Amri ya Matunzo, Usiifungie Kabatini

Mbalamwezi ikiingia, boti za dagaa hapa Tanga hutia nanga na mifuko ya wavuvi hukauka. Siku hizo benchi la ofisi yetu ya msaada wa kisheria hujaa kina mama wanaodai matunzo ya watoto wao. Mmoja alikuja kutoka Ngamiani na daftari la shule la mwanawe. Kurasa za nyuma alikuwa ameziandika kwa peni nyekundu: tarehe, kiasi, na mara nyingi zaidi neno moja tu, "hakuleta". Alikuwa pia na karatasi ya makubaliano waliyotia saini mbele ya wazee na shekhe. Baba wa mtoto alileta mara mbili, akanyamaza.

Wazee na mashekhe nawaheshimu, na magomvi mengi huisha barazani bila mtu kukanyaga mahakama. Lakini huku Bara, tofauti na Zanzibar, uamuzi wa kadhi hauna nguvu ya dola nyuma yake. Karatasi ya makubaliano, hata mliyoandikiana ofisi ya ustawi wa jamii, peke yake haiwezi kumfanya mwajiri akate mshahara wala kumtuma dalali wa mahakama akakamate mali. Hilo linataka amri ya hakimu.

Amri hiyo inatolewa chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria ya zamani iliyofutwa wakati huo ilimwekea mtoto wa nje ya ndoa kikomo cha shilingi 100 kwa mwezi. Leo hakuna kikomo cha namna hiyo. Hakimu hupima kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao mengine na gharama za maisha pale mtoto anapoishi. Anayeweza kuomba ni mzazi, mlezi, ndugu, afisa ustawi wa jamii, au mtoto mwenyewe kupitia mtu mzima. Matunzo huenda mpaka miaka 18, na mahakama inaweza kuongeza muda kama mtoto bado anasoma.

Kama baba ni mvuvi, mwambieni hakimu anavyopata riziki. Malipo yakipangwa yafuate siku za giza, wakati dagaa wanavuliwa, yanalipika kuliko tarehe mosi iliyowekwa kwa mazoea.

Kuna jambo linaloniuma kila mwaka. Baba akiwa anamkana mtoto na hakuna ndoa, ombi linatakiwa lifike mahakamani wakati wa ujauzito au ndani ya miezi 24 tangu mtoto azaliwe. Kina mama wengi husubiri "atabadilika", wanakuja mtoto yuko darasa la pili. Njia hubaki wazi ikithibitika kwamba katika miezi hiyo 24 mwanamume aliwahi kutoa fedha za matunzo. Kwa hiyo dada yangu, ile meseji ya muamala wa simu usiifute. Hata ya shilingi elfu tano.

Sasa amri imetoka, baba halipi. Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, wakidhani mahakama itamfuata yenyewe. Haitamfuata. Ni wewe unayerudi kuomba kukazia amri, ukionyesha miezi isiyolipwa. Mahakama inaweza kuagiza mshahara ukatwe kwa mwajiri au mali ikamatwe, kwa hiyo nenda ukijua anafanya kazi wapi na ana kiwanja au pikipiki gani.

Na baba uliyepoteza kazi au kuugua, usizime simu. Nenda mahakama ileile uombe kiwango kipunguzwe; sheria inaruhusu, na deni halitakulimbikia kimyakimya.

Yule mama wa Ngamiani tulimwandikia ombi siku ileile. Zile kurasa nyekundu tulizitoa nakala zote, zikaambatanishwa nyuma ya kiapo chake.