Ningu wadogo wanaoishia kwenye chandarua

Mvua za masika zikijaza mto, samaki aitwaye ningu hutoka Ziwa Victoria, hupanda Nzoia, Mara au Kagera, na kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji kando ya mto. Mafuriko yakipungua, vifaranga hushuka kurudi ziwani. Hapo ndipo ninapowakuta kazini: wamelundikana ndani ya chandarua kilichokingwa kwenye kijito, kila mmoja mdogo kuliko kidole. Ndoo nzima ni mboga ya siku moja. Roho huniuma kila mara.

Ningu hapatikani kokote duniani nje ya bonde la ziwa hili. Nyavu za makila, zinazomnasa samaki kwenye matamvua, ziliingia hapa mwaka 1905, na wavuvi wakatambua kwamba pa kumkinga ni mdomoni mwa mto, akiwa amebeba mayai. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi wake ulikuwa umeporomoka, wakati sangara, tunayemlaumu kwa kila kitu, ndiyo kwanza alikuwa anapandikizwa. Leo IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, inamhesabu ningu miongoni mwa samaki walio hatarini kabisa kutoweka.

Tumezoea kupima macho ya nyavu. Kwa sato wa ziwani inasaidia. Kwa ningu haitoshi, maana mto una mlango mmoja na samaki hupita pale kwa makundi, mvua inapoita. Wavu halali ukikinga mlango huo hukomba wazazi. Chandarua hukomba watoto. Uvuvi usimame mdomoni mwa mto na kwenye nyanda za mafuriko wiki zile wanapopanda, na usimame tena maji yanaposhuka. Kipindi hiki cha pili ndicho tunachokisahau, na ndicho cha vifaranga.

Kwenye vikao vya BMU, kamati za wavuvi zinazosimamia mialo, swali la kwanza huwa lilelile: tutakula nini? Ni swali la haki, nasi huwa tunalijibu kwa faini. Bangladesh walilijibu kwa mchele. Samaki wao hilsa hutoka baharini kutaga mitoni, na wadogo wake, jatka, hukulia humo. Kuanzia Novemba hadi Juni ni marufuku kuvua hilsa aliye chini ya sentimita 25, baadhi ya sehemu za mito anakokulia hufungwa, na familia za wavuvi hupewa kilo 40 za mchele kwa mwezi, kwa miezi minne. Mavuno yalipanda kutoka tani kama 200,000 mwaka 2002/03 hadi zaidi ya 500,000 mwaka 2017/18. Mchele peke yake haukufanya hayo, lakini bila mchele nani angetii?

Kajjansi, Uganda, watafiti wamefanikiwa kumzalisha ningu bwawani. Kazi nzuri sana. Ila kifaranga cha bwawani kikiachiwa mtoni kitashuka njia ileile na kukuta chandarua kilekile. Mimi ningeanza na mto mmoja tu, kwa misimu miwili, walinzi wakiwa wavuvi wa mdomo uleule, na unga ukitangulia amri.