Kwa mtoto "bado", kwa mtu mzima "basi"

Tuna maneno mawili ya kumfungia mtu mlango wa elimu. Akiwa mchanga tunasema "bado". Akiota mvi tunasema "basi". Katikati tumeacha kijinjia chembamba cha miaka 7 hadi 17 hivi, na asiyepita hapo tunamhesabu amepitwa. Vituo vya watoto wadogo, MEMKWA (elimu ya msingi kwa waliokosa shule), kisomo, yaani madarasa ya watu wazima ya kusoma na kuandika, na vyuo vya maendeleo ya wananchi vipo Tanzania ili kukipanua kijinjia hicho, lakini kwenye vikao vya wazazi na vijiweni nasikia yaleyale kila mwaka. Nianze na kubwa lao.

"Samaki mkunje angali mbichi"

Methali hii inahusu malezi na adabu. Sijui nani aliihamishia kwenye irabu. Ni kweli mtoto humshinda mtu mzima kwa baadhi ya mambo, hasa matamshi ya lugha ngeni. Lakini mtu mzima haingii darasani mikono mitupu. Anakuja na maelfu ya maneno, anajua bei, vipimo na hesabu za kichwa. Mama ntilie anayerudisha chenji ya noti ya elfu kumi huku akigeuza chapati hahitaji kufundishwa kutoa. Anahitaji kuonyeshwa namna ya kuliandika lile analolifanya kichwani kila siku.

Kinachomkwamisha mara nyingi ni macho. Kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hukakamaa na maandishi ya karibu huanza kuogelea. Linampata kila mtu, profesa na mkulima. Tofauti ni kwamba profesa hununua miwani, na mwanakisomo huambiwa kichwa chake kizito. Nimewahi kukaa na mama mmoja ambaye kwa wiki tatu alikuwa akikishika kitabu mbali, mkono umenyooka kama anayekwepa moshi wa jikoni. Siku alipoazimwa miwani na mwenzake, alisoma mstari mzima, akanyamaza, akausoma tena. Mwezeshaji akabaki anajikuna kichwa. Laiti kila darasa la kisomo lingeanza na kupima macho kabla ya kugawa daftari.

Watu hupenda kumtaja Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge wa Kenya, aliyeingia darasa la kwanza katika Shule ya Msingi Kapkenduiywo, Eldoret, mwaka 2004 akiwa na miaka 84, baada ya serikali kufuta karo ya shule za msingi mwaka 2003. Wanamtaja kama kioja. Mimi naona sababu yake ndiyo yenye somo: alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe badala ya kusomewa. Mtu mzima hajifunzi herufi kwa kuzipenda herufi. Kuna kitu anataka kukisoma, iwe ni meseji ya mwanawe au masharti ya mkopo kabla hajadondosha dole gumba.

"Ngumbaru ni kujifunza kuandika jina tu"

Neno lenyewe, jina la kisomo cha watu wazima, limegeuzwa kejeli. Mtu akikosea kusoma kibao cha daladala anaambiwa arudi ngumbaru.

Historia inasema jingine. Mwaka 1968 ulianza mradi wa majaribio mkoani Mwanza na maeneo ya Kanda ya Ziwa kwa msaada wa UNESCO, na humo ndimo kilimokomaa kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa. Vitabu vya kwanza havikuanza na "baba ana bata". Viliandikwa kuhusu kazi ambayo msomaji angeifanya kesho yake asubuhi: pamba, migomba, uvuvi, ufugaji. Mwalimu Nyerere aliutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na hoja yake alikwisha kuieleza mapema: tukiwasubiri watoto, uchumi utawasubiri miaka mingi, kwa hiyo wazazi wao wasome sasa.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikaa kwa vikundi kusikiliza redio, kusoma kijitabu, kujadiliana, halafu kuinuka na kuchimba vyoo, kufyeka vichaka na kufukia madimbwi. Asiyejua kusoma alikuwemo kikundini, anayejua alimsomea. Ukiuliza walihitimu nini, jibu lilikuwa nyuma ya nyumba, lina paa la nyasi.

"Ujinga tuliufuta zamani"

Hii ni ya wazee wangu, nao wana haki ya kujivunia. Kabla ya kampeni zile, takriban watu wazima wawili kati ya watatu nchini hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986 takwimu za serikali ziliwaweka chini ya asilimia 10. Lakini sensa ya 2012 ilikuta takriban mtu mzima mmoja kati ya watano hajui. Imekuwaje?

Kusoma ni kama njia ya porini: isipopitwa, majani huifunika. Aliyefuzu kisomo mwaka 1977 na kisha asione gazeti wala kitabu kijijini kwake aliweza kurudi alikotoka. Miaka ya 80 na 90 uchumi ukabana, vikundi vikafa, na wakati huohuo watoto waliokosa shule wakawa watu wazima. Mtungi haujazwi mara moja ukaachwa, hasa ukiwa unavuja chini.

"Kichanga hakielewi kitu, mwache alale"

Hapa ndipo penye "bado". Ukweli ni kwamba mtoto husikia kabla hajazaliwa; katika miezi mitatu ya mwisho ya ujauzito tayari anaizoea sauti ya mama yake. Akitimiza miaka 3, ubongo wake umeshafika karibu asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Mama anayemjibu anapobwabwaja, baba anayemtajia "hii kuku, ile mbuzi" njiani kwenda kisimani, wanafundisha. Hakuna ubao, na hauhitajiki.

Ndiyo maana programu ya taifa iliyozinduliwa Desemba 2021, ile yenye kifupisho kirefu kuliko darasa lenyewe, PJT-MMMAM (Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto), haikuishia kwenye shule. Imefunga pamoja mambo matano: afya, lishe, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi wa mtoto. Mwanafunzi wake wa kwanza ni mzazi.

Kosa la upande wa pili ni kumharakisha. Mzazi analipa ada ya chekechea, na mtoto wa miaka 3 akirudi bila daftari lililojaa anaona kaibiwa: "Wanacheza tu!" Kucheza ndiyo kazi yenyewe. Kidole kinachochambua kunde na choroko, kinachopanga vizibo vya soda kwa rangi, ndicho kitakachoshika penseli baadaye. Watu wa Mwambao wana mfano wa karibu. Miaka ya 1980 viongozi wa jamii ya Waislamu huko Mombasa waliomba msaada wa Aga Khan ili watoto wao wapate msingi wa shule bila kuikosa dini. Zikazaliwa shule za awali za madrasa, zikafika Zanzibar na Uganda. Walimu walikuwa akina mama wa mtaa huohuo, na vifaa vilikuwa mbegu, makombe, vifuu na mabaki ya vitambaa. Mtoto alisoma sura zake na akacheza, mahali pamoja.

"MEMKWA ni ya watukutu, na vyeti vyake havitambuliki"

Fupi: MEMKWA ni Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Walioikosa, si walioikataa. Wapo wa miaka 9 hadi 13, na wapo vijana wa 14 hadi 18. Wengi walikuwa wakichunga ng'ombe, wakilea wadogo zao au wakihama na wazazi. Mitihani wanayofanya ya darasa la nne na la saba ni ileile ya wenzao. Kwa sekondari, mtahiniwa wa kujitegemea ambaye hakupitia kidato cha pili huanza na Mtihani wa Maarifa, yaani QT, kisha hufanya mtihani wa kidato cha nne. Karatasi ileile, Baraza la Mitihani lilelile.

"Mama mwenye mtoto angoje mtoto akue"

Akue hadi lini? Hadi mama naye aambiwe "basi"? Tangu Novemba 2021 msichana aliyeacha shule kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina njia mbadala kwa asiyetaka kuvaa sare tena. Lakini napenda zaidi vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia 1975 kwa kuazima wazo la Sweden. Viko 54 nchini. Baadhi yake vina chumba cha watoto. Mama yuko karakana akijifunza ushonaji au umeme wa majumbani. Hatua chache kutoka hapo mwanawe anapanga vizibo. Saa nne mama anatoka kunyonyesha, anarudi kwenye cherehani.

Ukitaka kuanza, mtafute Afisa Elimu Watu Wazima wa wilaya, au mwulize mwalimu mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu. Swali la kwanza usiulize kitabu wala cheti. Uliza saa. Darasa la saa tatu asubuhi kijiji kikiwa shamba litabaki na mwezeshaji na ubao wake. La saa kumi jioni, baada ya jembe na kabla ya moto wa ugali, hujaa hadi mabenchi yapungue. Na ubebe miwani, hata ya kuazima.