Je wajua kwa nini watu zaidi ya bilioni moja hawana "protini ya mbio" na wanaishi tu vizuri?

Wiki ya Kilimanjaro Marathon hapa Moshi mnajua inavyokuwaga, kila mtu anakuwa kocha. Dada yangu anaishi Arusha, Sakina, alikuja na mwanae wa miaka 9 kuangalia watu wanavyomalizia mbio pale uwanja wa Ushirika, jioni tukiwa tunakula akaniuliza, "Mdogo wangu, wewe ndo umesoma haya mambo, eti kuna kipimo mtoto anatema mate kwenye kichupa wanakwambia ana jeni ya mbio au hana? Kuna mzazi mwenzangu anataka kuagiza nje, na mimi naona nimpime huyu." Nikamwambia dada hiyo jeni naijua, ngoja nikueleze taratibu maana stori yake ni tamu kuliko hicho kipimo chenyewe. Ndo hii naiandika hapa pia.

Jeni inaitwa ACTN3. Ipo kwenye kromosomu namba 11 na imebeba maelekezo ya kutengeneza protini moja inaitwa alfa-aktinini-3. Ili uelewe inafanya nini anza na nyama ya ng'ombe iliyochemshwa ikaiva sana, ukiichana inatoka nyuzi nyuzi, si ndio? Ndani ya huo uzi mmoja kuna nyuzi nyingine ndogo ambazo jicho halizioni, nyembamba zinaitwa aktini na nene zinaitwa miosini, na msuli unapokaza kinachotokea ni miosini inaishika aktini inaivuta, zinaingiliana, msuli unakuwa mfupi. Sasa kitu kinachovutwa lazima kiwe kimefungwa mahali, vinginevyo unavuta hewa. Aktini zimefungwa kwenye mstari fulani mwembamba sana wanaouita mstari wa Z, na kinachozifunga pale ni alfa-aktinini. Kama umewahi kuona nyumba ya udongo kabla haijakandikwa, zile fito zinasimama kwa sababu ya kamba zilizozungushwa kwenye maungio. Alfa-aktinini ndo hiyo kamba.

Halafu misuli yenyewe ina nyuzi za aina mbili. Chukua kuku wa kienyeji, paja lake ni jeusi na kidari chake ni cheupe. Paja linatembea siku nzima, nyuzi zake nyingi ni za taratibu, hazichoki haraka, kidari ni cha kupiga mabawa mara moja akikimbizwa, nguvu nyingi kwa muda mfupi basi. Na sisi tunazo zote mbili ila zimechanganyika. Alfa-aktinini-2 ipo kwenye nyuzi zote, hii namba 3 inakaa kwenye nyuzi za haraka peke yake, zile za kuruka, kunyanyua na kutimka mita 100.

Sasa hapa ndo utamu unapoanza. Miaka ya 1990 daktari wa watoto kutoka Australia, Kathryn North, alikuwa anachunguza vipande vya misuli vya watoto wenye magonjwa ya misuli kudhoofika, na akakuta baadhi yao hawana alfa-aktinini-3 kabisa, hata chembe. Yeyote angesema nimepata chanzo cha ugonjwa. Lakini walipopima ndugu wa wale watoto, ndugu wazima kabisa wasioumwa chochote, wakakuta na wao wengine hawana! Wakapima watu wa kawaida, wengi tu hawana. Mwaka 1999 yeye na wenzake wakatangaza kwamba hii siyo ugonjwa, ni hali ya kawaida kwa binadamu, na leo inakadiriwa wasio nayo duniani ni kama bilioni 1.5. Mimi huwa nawaza sana hapo, mtu anatafuta ugonjwa anakutana na watu wenye afya zao bilioni moja na nusu, na hakuukumbatia ule ugunduzi wa kwanza, aliendelea kuuliza.

Kinachosababisha ni herufi moja. Protini nzima ina asidi amino 901 zimefuatana kama shanga, na ile ya 577 imeandikwa kwenye DNA kwa herufi tatu CGA. Kwa baadhi ya watu C imebadilika ikawa T, inasomeka TGA, na TGA kwa lugha ya seli maana yake "ishia hapo". Mashine inasimama kabla protini haijaisha, na hicho kipande kilichokatika hakibaki, seli inakiondoa. Ukirithi nakala hiyo kwa mzazi mmoja tu bado protini unayo kwa sababu nakala ya mzazi mwingine inafanya kazi, ni mpaka uirithi kwa baba na kwa mama ndo unaikosa kabisa. Na ukiikosa, alfa-aktinini-2 inaziba pengo, ndo maana mtu anaishi maisha yake yote hajui.

Basi ile habari ya "jeni ya mbio" ilitoka wapi? Mwaka 2003 hao hao wa Australia walipima wanamichezo wao wakubwa. Kwa watu wa kawaida waliowapima kama 18 kati ya 100 hawakuwa na hiyo protini, kwa wanamichezo wa mbio fupi na nguvu walikuwa 6 tu kati ya 100, na kati ya wale wa nguvu waliofika Olimpiki hakupatikana hata mmoja aliyeikosa. Baadae wakazima jeni hiyo kwa panya, panya wakawa na nguvu pungufu kidogo ila wakiwekwa kwenye mashine ya kukimbilia wanakwenda mbali zaidi kwa kama theluthi moja kabla hawajachoka. Yaani nyuzi za haraka zisipokuwa na kamba ile zinaanza kufanana tabia na nyuzi za taratibu, zinatumia oksijeni zaidi. Watu wakasikia hivyo, biashara ya kutema mate ikaanza.

Dada akanikatisha, "Kwa hiyo kipimo kinafanya kazi." Nikamwambia subiri dada, tuje huku kwetu. Kwa Wazungu wasio na protini hii ni kama mtu mmoja kati ya watano au sita, Asia ni kama mmoja kati ya wanne. Kwa Wabantu wa Afrika ni nadra mno, na Kenya hapo jirani walipopima walikuta kama mtu 1 kati ya 100. Maana yake ukijaza basi la Moshi kwenda Arusha, karibu kila mtu humo ndani anayo, mama mwenye ndoo ya parachichi anayo, konda anayo, na yule babu ambaye hajawahi kukimbia tangu amalize shule anayo. Sasa kipimo ambacho karibu kila mtu anapata jibu moja kitakuchagulia mwanariadha vipi? Mwaka 2007 walilinganisha wakimbiaji wakubwa wa mbio ndefu wa Kenya na Ethiopia na wananchi wa kawaida wa huko huko, jeni hii haikuonyesha tofauti yoyote. Na hata huko inakotofautiana, inaeleza sehemu ndogo sana, asilimia 2 au 3 hivi ya tofauti za nguvu na kasi kati ya watu. Hispania kulikuwa na mruka chini (ile wanayoita long jump) aliyefika Olimpiki mara mbili na hana alfa-aktinini-3. Filbert Bayi wetu, mtoto wa Karatu, mwaka 1974 kule Christchurch alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2 akiongoza tangu mlio wa bastola, na wakati huo jeni hii ilikuwa hata haijagunduliwa.

Dada akasema basi hiyo hela anamnunulia mtoto raba. Nikafurahi kwa kweli.

Ila swali lililobaki ndo linalonisumbua mimi zaidi. Kama protini hii ni nzuri, kwa nini nakala iliyokatika imeenea sana kwa watu waliohamia kaskazini wakati huku tulikobaki iko chache hivi? Mwaka 2021 walitoa majibu ya utafiti mzuri sana, walichukua wanaume 42 wakawakalisha kwenye maji ya nyuzi joto 14 kwa vipindi mpaka joto la mwili lishuke kufika 35.5 au muda uliopangwa uishe. Wasio na protini asilimia 69 walimaliza zoezi bila kufika huko, wenye nayo ni asilimia 30 tu. Misuli yao ilikuwa inakaza kidogo kidogo mfululizo na kutoa joto bila kutetemeka kwa nguvu nyingi. Kwa hiyo inaonekana baridi ndo ilichangia kuwabeba hao watu, maelfu ya miaka iliyopita.

Hapo mtoto, ambaye kumbe alikuwa anasikiliza muda wote, akauliza, "Mjomba, kwa hiyo wale wagumu wanaobeba mizigo mlimani hawana hiyo kamba, ndo maana hawasikii baridi?" Swali zuri aisee. Nikamwambia hapana baba, wagumu wetu karibu wote wanayo kama wewe, na baridi wanaisikia sana. Kinachowapasha ni ule mzigo wa kilo 20 begani, chai ya tangawizi kambini, na jaketi kama amebahatika kupata la maana.