Je, wajua kwa nini kuna miaka ambayo Kwaresima na Ramadhani huanza karibu siku moja?

Mwaka 2025 Ramadhani ilianza tarehe 1 au 2 Machi, na Jumatano ya Majivu, inayofungua Kwaresima, ikawa tarehe 5. Mwaka 2026 zimesogeleana zaidi: Majivu ni 18 Februari, na mfungo wa Ramadhani ni siku hiyohiyo au kesho yake, kutegemea nchi imeuona mwezi lini.

Ukiwa chuoni huhitaji kalenda kulijua hili. Foleni ya mchana kafeteria inapungua. Jioni, mama ntilie wa nje ya geti wameshapanga mihogo ya nazi, magimbi, tambi, kaimati na uji wenye pilipili manga. Hosteli, wanaolala chumba kimoja wote wamefunga: mmoja kaamka kula daku, mwenzake anawahi misa ya asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Ijumaa kuna swala ya mchana, na jioni kuna Njia ya Msalaba.

Wapo wanaosema imetokea tu, na wapo wanaoona ni ishara. Ukweli ni kwamba mifungo yote miwili inafuata mwezi wa angani.

Ramadhani inajulikana: huanza mwezi unapoandama. Kwa Kwaresima mwezi umejificha kidogo. Pasaka ni Jumapili ya kwanza baada ya mwezi mpevu unaoangukia 21 Machi au baada ya hapo, kwa hesabu ya kalenda ya Kanisa. Mwezi mpevu huhesabiwa kuwa siku ya 14 tangu kuandama, hivyo Pasaka huangukia kati ya siku ya 15 na ya 21. Sasa rudi nyuma siku 46 hadi Jumatano ya Majivu. Mwezi mmoja wa angani ni siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo siku 46 ni mwezi mmoja na nusu na ushee. Unajikuta palepale mwezi unapoandama: kuanzia siku moja mbili kabla hadi nne tano baada. Ni hivyo kila mwaka, hata Ramadhani ikiwa Agosti. Kwa hiyo Ramadhani ikishafika Februari au Machi, mifungo hii ama hupishana siku chache, ama hupishana mwezi mzima. Hakuna katikati. Mimi naona hapo ndipo uzuri wa hesabu hii ulipo.

Mbona basi hazianzi pamoja kila mwaka? Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 au 355, pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Kanisa hulipa pengo hilo kwa kuongeza miezi 7 katika kila miaka 19, ili Pasaka isitoke kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Kalenda ya Hijria haiongezi kitu. Sura At-Tawba, aya ya 36 na 37, inataja miezi 12 na kukataza kuiahirisha. Ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Waliosoma chuo mwaka 1992, 1993 na 1994 waliyaona haya haya.

Jambo hili linawahusu sana wanaopanga ratiba. Februari na Machi, kwenye vyuo vingi vya Tanzania, ni wakati wa mitihani ya muhula wa kwanza na mwanzo wa muhula wa pili. Dar es Salaam jua huzama saa moja kasoro hivi, na kipindi cha jioni kinachovuka hapo kinamkuta mwanafunzi hajafuturu, na tarawehe inamsubiri. Tarehe hizi zinakadiriwa miaka mingi kabla, tofauti ikizidi ni siku moja. Chuo kinachojali wanafunzi wake hakina sababu ya kushtukizwa nazo.

Mwaka 2027 zitaanza karibu pamoja tena: Majivu 10 Februari, Ramadhani siku moja au mbili kabla. Mwaka 2028 zinaachana, Ramadhani mwishoni mwa Januari na Majivu 1 Machi. Mwaka 2030 Ramadhani itaanza mara mbili, mapema Januari na tena siku moja mbili baada ya Krismasi. Kuanza tena karibu pamoja na Kwaresima ni mwishoni mwa miaka ya 2050.