Alizeti ya maua ya kukata: ukaguzi huanza na mbegu

Malalamiko yanayotufikia sisi wakaguzi wa afya ya mimea kutoka kwa wakulima wa maua wa Tabora mjini na Uyui yanafanana sana. Alizeti iliyopandwa kwa ajili ya kupamba kumbi na altare imetoa mashina manene kama mpini wa jembe, vichwa vimeinama kabla ya siku ya harusi, na unga wa manjano umedondokea vitambaa vyeupe vya meza. Lawama hupelekwa kwenye udongo, kwenye mvua na wakati mwingine kwa afisa ugani. Mara nyingi kosa limo katika mbegu, ama kwa kuwa si ya aina inayofaa, ama kwa kuwa imepatikana kwa njia isiyokubalika kisheria.

Alizeti ya mafuta, mfano aina ya Record ambayo wengi wanaifahamu, ilichaguliwa kwa ajili ya kuzaa mbegu, kwa hiyo ina kichwa kizito na chavua tele, yaani ule unga wa manjano. Alizeti ya maua ya kukata kwa kawaida ni chotara, yaani imetokana na kuchanganya mimea wazazi tofauti, na nyingi kati yake hazitoi chavua kabisa. Mifululizo ya ProCut na Sunrich ni miongoni mwa zinazojulikana, ingawa kuitaja hapa si kuipendekeza wala si kibali cha kuiingiza nchini. Ua lisilo na chavua halichafui kitambaa, na likitunzwa vizuri hukaa chomboni siku 7 hadi 10. Wafuga nyuki, ambao katika mkoa huu hatuwezi kuwasahau, waelewe kwamba nyuki wao watapata nekta katika maua hayo lakini hawatapata chavua. Tumekwisha kueleza, na inaonekana tutaendelea kueleza, kwamba mbegu iliyokusanywa kutoka kwenye ua la chotara hairudishi ua lile lile msimu unaofuata.

Kuhusu kuandaa shamba sitarefusha maneno. Nitasisitiza nafasi tu, kwa sababu hapo ndipo wakulima waliozoea sentimita 75 kwa 30 za alizeti ya mafuta wanapopotea. Kwa aina za shina moja, sentimita 15 kwa 15 zinatosha, kwa kuwa mimea inayobanana hutoa mashina membamba na vichwa vya ukubwa unaokaa vizuri mkononi mwa mpambaji. Aina zinazotoa matawi zinahitaji sentimita 45 hadi 60. Mbegu ifukiwe kina cha sentimita 2 hadi 3 papo hapo shambani. Wakulima wa tumbaku, ambao mkono wao umezoea kuhamisha miche kutoka kitaluni, wasifanye hivyo kwa alizeti, kwani mzizi wake mkuu haupendi kusumbuliwa. Shamba lililokuwa na tumbaku lichunguzwe kwanza, maana minyoo fundo, vijidudu vya udongoni vinavyovimbisha mizizi, inayoshambulia tumbaku huishambulia alizeti pia. Urea ikizidi, utavuna majani na mashina manene, kisha utaandika barua ya malalamiko.

Tabora iko takriban nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na mchana wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima. Aina zinazochochewa na mchana mfupi huwahi kuchanua hapa zikiwa bado fupi. Kwa hiyo muulize muuzaji kama aina anayokuuzia haijali urefu wa mchana. Nyingi huchanua kati ya siku 50 na 70 tangu kupandwa, na ukipanda kidogo kidogo kila baada ya siku 7 hadi 10 hutakuwa na maua ya wiki moja tu. Ukate asubuhi, petali zinapoanza kuinuka kutoka kwenye kitovu, uondoe majani mengi na uyaweke maua mara moja katika ndoo safi yenye maji. Ua lililokwisha kufunguka huelekea mashariki na kubaki hapo. Yule anayeamini kwamba linazunguka na jua hadi siku ya kukatwa hajalitazama jioni.

Sasa nije kwenye mbegu zinazoagizwa nje ya nchi kwa simu na kufika ndani ya bahasha. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 haisemi kwamba mzigo mdogo hauhesabiki. Mwagizaji anapaswa kuomba kibali cha kuingiza mimea kutoka Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kabla mzigo haujasafirishwa, akitaja jina la mmea, kiasi, nchi unakotoka, matumizi na mahali utakapoingilia. Kibali hueleza masharti. Mwagizaji humpelekea muuzaji masharti hayo, naye muuzaji huyawasilisha kwa mamlaka ya nchi yake, ambayo hukagua mbegu na kutoa cheti cha usafi wa mimea. Cheti halisi husafiri na mzigo, na mkaguzi wetu huukagua unapoingia. Mzigo usiotimiza masharti huzuiliwa, kisha hurudishwa au kuteketezwa kwa gharama ya mwenyewe, na mhusika anaweza kushtakiwa na kupewa faini, kifungo au vyote viwili. Anayetaka kuuza mbegu hizo awe amesajiliwa chini ya Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, inayosimamiwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayodhibiti ubora wa mbegu. Mnunuzi wa dukani adai lebo yake na risiti.

Tunaambiwa kila mara: "Ni gramu 10 tu, mkaguzi." Vimelea vya ubwiri unyoya, ugonjwa unaodumaza alizeti, vinaweza kusafiri ndani ya mbegu na kukaa udongoni miaka mingi, na jirani zetu wa Singida wanaishi kwa alizeti.

Aliyekwisha kupokea bahasha bila kibali asiipande, asiwape kuku na asiitupe jalalani. Mbegu zenye rangi ya pinki au nyekundu kwa kawaida zimepakwa kiuatilifu, kwa hiyo watoto wasizitafune. Aifunge ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na karatasi zote ilizokuja nazo, kisha ailete kwa mkaguzi wa afya ya mimea au kwa afisa kilimo wa kata yake.