Mionzi haiunguzi saratani: dhana potofu kuhusu tiba, na ukweli ulio ndani ya seli

Mgonjwa anayeanza tiba ya mionzi katika hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, au ya Bugando, Mwanza, huwa ameshajazwa mengi masikioni na majirani, ndugu na makundi ya WhatsApp. Baadhi ya maneno hayo hayadhuru. Mengine humfanya mama mwenye saratani ya mlango wa kizazi akatishe tiba katikati, na kwa ajili ya hayo naandika. Ukiyachunguza, mengi yana mzizi mmoja: tunadhani kazi yote inafanywa na mashine. Mashine huanzisha tu. Yanayofuata huamuliwa ndani ya kila seli, saa kadhaa baada ya mgonjwa kushuka kitandani, na protini ziitwazo vimeng'enya, zinazoendesha kazi za kikemia za seli na ambazo uwezo wake wote uko kwenye umbo.

“Mionzi huunguza uvimbe kama moto”

Kipimo kinachotolewa mara nyingi kwa siku moja ni grei 2. Grei 1 ni jouli 1 ya nishati kwa kila kilo 1 ya mwili. Piga hesabu: grei 2 hupandisha joto la sehemu iliyopigwa kwa chini ya sehemu moja ya elfu ya nyuzi 1 ya Selsiasi. Funda moja la chai linapasha mwili kuliko hapo, ndiyo maana aliyelala chini ya mashine hasikii kitu.

Ngozi kuwa nyeusi na kubabuka ni kweli kabisa, wala nisingependa mtu aambiwe ni woga wake. Lakini angalia muda: hutokea baada ya wiki mbili au tatu. Moto haungojei hivyo. Seli za chini ya ngozi, zile zinazozaa seli mpya za kuziba nafasi ya zilizochakaa, zimeguswa na mionzi na haziendi na kasi ya zamani, kwa hiyo tabaka la juu linakuwa jembamba.

Kinachotokea hasa ni hiki. Mionzi hugonga maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya seli, na kuyavunja kuwa vipande visivyotulia ambavyo hushambulia kila kilicho karibu, ikiwemo DNA, yaani nyuzi mbili zinazobeba maelekezo ya seli. Mingine huipiga DNA moja kwa moja. Grei 1 huacha katika kila seli mikato kama 1,000 ya uzi mmoja wa DNA, na mikato kati ya 30 na 40 inayokata nyuzi zote mbili. Mikato ya uzi mmoja hutengenezwa upesi. Ya nyuzi mbili ndiyo inayoua, kwa kuwa seli ikijaribu kugawanyika huku vipande vimelegea au vimeunganishwa vibaya, haifiki mbali.

Vimeng'enya navyo hupigwa, ila hilo halina uzito. Kimeng'enya kimoja kina nakala maelfu ndani ya seli, na kikiharibika hutengenezwa kingine. Maelekezo ya kukitengeneza yako kwenye DNA, ambayo seli inayo nakala mbili tu.

“Vipindi 25 vya nini? Si wangepiga vyote siku moja wamalize?”

Hapa pana hasira nyingi, na ninazielewa. Anayetoka Kigoma au Mtwara kwenda kukaa Dar es Salaam wiki tano au zaidi anabeba nauli, chakula, na watoto aliowaacha kwa bibi. Wengine huamua kwamba hospitali inavuta siku kwa faida yake. Sababu halisi iko kwenye ukarabati.

Mara tu DNA inapokatwa, kimeng'enya kiitwacho ATM huamka na kuisimamisha seli isigawanyike hadi itengenezwe. Protini iitwayo Ku hufika kwenye ncha iliyokatika. Umbo lake, lililochapishwa mwaka 2001, ni pete: ncha ya DNA hupita katikati yake, na hapo Ku huita kimeng'enya kikubwa, DNA-PK, ambacho mnyororo wake mkuu una asidi amino (vipande vinavyojenga protini) 4,128. Kisha huja vingine vya kusafisha ncha na kuziunganisha. Katika seli zenye afya kazi kubwa ya ukarabati huisha ndani ya saa chache. Hata wagonjwa wanaopigwa mara mbili kwa siku hupewa nafasi ya angalau saa 6 kati ya kipindi na kipindi. Seli nyingi za saratani hukarabati vibaya zaidi. Tofauti hiyo ni ndogo kwa kipindi kimoja, lakini ikirudiwa mara 25 inakuwa pengo kubwa kati ya uvimbe na nyama iliyo jirani. Ukipiga grei 50 kwa siku moja, unalifuta pengo hilo, na mgonjwa anapoteza kibofu au utumbo pamoja na uvimbe.

Uthibitisho mchungu wa nguvu ya vimeng'enya hivi ulitoka kwa watoto. Miaka ya 1960 madaktari waliona kwamba watoto wenye ugonjwa wa kurithi wa ataksia-telanjiektasia, wakipata saratani na kupewa mionzi kwa kipimo cha kawaida, huumia vibaya mno. Mwaka 1995 jeni lenye kasoro lilipatikana. Ni lile linalotengeneza ATM.

Sababu nyingine ni oksijeni. Uvimbe mkubwa huwa na sehemu za ndani zisizofikiwa vizuri na damu, na seli zilizokosa oksijeni huhitaji karibu mara tatu ya kipimo ili zife. Vipindi vya mwanzo vikiua zile za nje, oksijeni hupenya ndani, na kipindi kinachofuata kinazikuta zilizokuwa zimejificha.

Idadi ya vipindi si amri ya milele. Kwa saratani ya matiti, wengi sasa hupewa vipindi 15, na utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2020 ulionesha kuwa 5 kwa wiki moja vinaweza kutosha kwa baadhi yao. Hilo hupangwa na daktari kwa aina ya uvimbe na mahali ulipo. Lisilofaa ni mgonjwa kuruka siku kwa sababu anajisikia nafuu. Seli zilizobaki huanza kuzaana tena kwa kasi, na kwa saratani ya mlango wa kizazi lengo ni tiba yote, pamoja na mionzi ya ndani (ile inayowekwa kwenye mlango wa kizazi wenyewe), iishe ndani ya wiki 8. Ndiyo maana mashine ya mionzi ya kobalti ya hospitali ya Mulago, Kampala, ilipokufa mwaka 2016, lile halikuwa tatizo la foleni tu.

“Usimkumbatie, ana mionzi”

Mwacheni akumbatiwe. Mionzi ya mashine ya nje haibaki mwilini, kama vile mwanga wa taa haubaki chumbani ukiizima. Ile ya ndani inayowekwa kwenye mlango wa kizazi kwa dakika kadhaa hutolewa kabla mgonjwa hajaondoka. Wa tofauti ni aliyenywa iodini 131 kwa saratani ya tezi ya thairoidi: huyo hutoa mionzi kwa siku kadhaa, nguvu yake ikipungua nusu kila siku 8 au pungufu ya hapo, na hupewa maelekezo ya kukaa mbali na watoto na wajawazito.

“Kuchunguza umbo la kimeng'enya ni mchezo wa maabara”

Mwaka 1965 David Phillips na wenzake, katika Royal Institution ya London, walionesha kwa mara ya kwanza umbo la kimeng'enya: laisozaimu ya ute wa yai la kuku. Walitumia eksirei, jamaa wa mionzi ileile inayotibu, wakiipitisha kwenye fuwele za kimeng'enya hicho. Mionzi huharibu hata fuwele, kwa hiyo siku hizi hupozwa hadi nyuzi 173 chini ya sifuri ili zidumu.

Dhana nyingine imejificha humo: kwamba kimeng'enya ni kitu kigumu, kufuli linalongoja ufunguo wake. Hivyo ndivyo Emil Fischer alivyoeleza mwaka 1894. Tangu Daniel Koshland alipopinga mwaka 1958 tunajua kimeng'enya hujikunja kinaposhika kitu chake, na dawa nyingi hutegemea mkunjo huo.

Faida kwa mgonjwa? PARP1 ni kimeng'enya kinachogundua mikato ya uzi mmoja. Kina mfuko ambamo huingia NAD, molekuli ambayo kimeng'enya hicho huitumia kufanya kazi yake. Dawa ya olaparibu ina umbo la kukaa kwenye mfuko huo na kuuziba. Mwaka 2005 ilionekana kwamba seli zenye kasoro ya jeni za BRCA, ambazo tayari zina udhaifu wa kutengeneza mikato ya nyuzi mbili, hufa PARP ikizuiwa. Mwaka 2014 olaparibu iliidhinishwa kwa baadhi ya saratani za ovari. Kuichanganya na mionzi bado kunafanyiwa majaribio kwa tahadhari, maana seli zenye afya nazo zinaihitaji PARP1.

“Vimeng'enya vya papai vinayeyusha uvimbe”

Ujumbe huu hauishi. Utomvu wa papai bichi hulainisha nyama kweli, na papaini, kimeng'enya chake, ilioneshwa umbo mwaka 1968 kule Groningen, Uholanzi: nusu mbili zenye mfereji kati yake, na humo minyororo ya protini hukatwa. Mfereji huo hautofautishi protini ya saratani na ya mgonjwa mwenyewe. Tena papaini nayo ni protini, na ikimezwa nyingi yake husagwa kama chakula kingine kabla ya kufika kwenye uvimbe. Papai ni tunda zuri, lisiitwe tiba.

Vidonge vya vitamini vya kuzuia oksidesheni navyo vinahitaji uangalifu, kwa kuwa huweza kuvizima vile vipande vya maji vinavyokata DNA. Katika jaribio la Quebec, Kanada, lililochapishwa mwaka 2005 kwa wagonjwa 540 wa saratani za kichwa na shingo, waliopewa vitamini E na beta-karotini walipata madhara makali machache, lakini saratani ilielekea kurudi zaidi kwao. Anayetumia vidonge vya aina hiyo au dawa za mitishamba amwambie daktari wa mionzi kabla ya kipindi cha kwanza, ataje jina na kiasi.