Ekstensheni Inayonuka Asubuhi Tu

"Fundi, hii ekstensheni hunuka asubuhi tu. Jioni iko sawa kabisa."

Maneno hayo niliambiwa na mama mmoja wa mtaa wa Umoja aliyeniita kutazama soketi. Nimefanya kazi ya stima majumbani Nairobi kwa miaka mingi, na mteja akishakutajia saa, amekupa nusu ya jibu. Sikugusa bisibisi. Nilimuuliza, "Saa kumi na moja na nusu alfajiri, humu ndani kunakuwaje, mama?"

Kunakuwa vita. Basi la shule hupita saa kumi na mbili kasorobo. Birika linachemsha maji ya watoto ya kuoga, pasi iko kwenye sare, simu zinachajiwa, na vyote hivyo vinategemea soketi moja ya ukutani. Tupige hesabu. Birika lake ni la wati 2,200, pasi wati 1,200, jumla 3,400. Kwa volti 240 za kwetu, hizo ni ampea 14 na kidogo, na plagi yenyewe ni ya ampea 13. Wengi hudhani fyuzi ingekatika papo hapo. Haikatiki. Fyuzi ya 13 huvumilia mzigo uliozidi kidogo kwa muda mrefu, na muda wote huo waya mwembamba wa ekstensheni ya bei rahisi unazidi kupata moto, hasa ukiwa umekunjwa na kufichwa. Wa huyu mama ulipita chini ya zulia. Plastiki yake ilishaanza kuwa na rangi ya chai.

Kwa nini pasi alfajiri? Hapo ndipo tulipofika kwenye maji. Mgao wa mtaa wao huleta maji Jumatano usiku. Alhamisi jioni akitoka kazini anafua, anaanika ndani, na Ijumaa alfajiri sare zina unyevu bado, kwa hiyo pasi ndiyo inayomalizia kukausha. Siku zilizobaki ni mazoea tu.

"Na Ijumaa ndipo inaponuka zaidi?"

Alicheka. "Umejuaje?"

Nyumba nyingi za hapa zinaendeshwa na bomba kuliko saa ya ukutani. Kwa hiyo mtu akiniomba ushauri wa ratiba, naanza na siku ya maji, kisha nauliza ni kazi zipi mbili zinazogombania soketi moja au dakika moja. Kwake tulihamisha pasi ikawa Jumapili mchana, sare zote kwa mpigo mmoja, na maji ya kuoga yakarudi kwenye gesi. Nikamwekea soketi nyingine jikoni kwa ajili ya birika. Zulia alikataa kulitoa, ni la harusi. Sawa, mradi hakuna waya chini yake.

Gesi nayo ina saa yake: huisha ugali ukiwa jikoni, usiku, watoto wakilia njaa. Mtungi unaletwa, unafungwa harakaharaka kwa mwanga wa simu, na hakuna anayekagua. Tangu mlipuko wa gesi wa Embakasi, hapa Nairobi, wa usiku wa Februari 1, 2024, wateja wengi huniuliza kuhusu mitungi, na jibu langu huwavunja moyo kwa udogo wake. Andika kwa chaki ubavuni mwa mtungi tarehe ulipoufunga. Baada ya mitungi mitatu utajua wa kilo 6 unakaa siku ngapi kwako, na utaubadilisha mchana, umepaka povu la sabuni kwenye maungio ukitazama kama linatoa mapovu. Ukinusa gesi, usiwashe wala kuzima taa. Swichi hutoa cheche. Funga mtungi, fungua mlango. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni, hivyo dirisha la juu peke yake halitoshi.

Jiko la makaa kuingizwa chumbani kwa sababu ya baridi ya Julai, hapana. Hewa yake ya sumu haina harufu. Sina la kuongeza.

Jambo la mwisho nililomkagulia si la stima. Madirisha yake yote yana vyuma, mlango una grili na kufuli, na ufunguo hulala kwenye mkoba wake. Mitungi ya maji ya lita 20, saba, ilikuwa imejipanga kwenye ujia wa kwenda mlangoni. Nilimwomba azime taa atoke nje kana kwamba moto umewaka. Alijikwaa kwa mtungi wa tatu, halafu akarudi chumbani kutafuta mkoba. Tulipigilia msumari kando ya mlango, mahali mtoto wa miaka sita anapofikia, ufunguo ukaning'inizwa hapo, mbali na dirisha ili mkono wa nje usiufikie. Maji yakahamia bafuni, ndoo zikafunikwa, maana ana mtoto anayetambaa, na mtoto wa umri huo huzama hata kwenye ndoo.

Ile ekstensheni niliondoka nayo. Imo ndani ya boksi langu la vifaa, na ukiiweka karibu na pua, bado inanuka.